Nauli ya ufunguo: kisa cha mto mmoja, banio moja na wilaya mbili

Kisa hiki ni cha mto mdogo wa nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Majina ya mto, vijiji, wilaya na watu nimeyaondoa, na mambo mawili matatu madogo nimeyasogeza kidogo ili asije mtu wa huko akamnyooshea kidole jirani yake. Mimi nilikuwa mwezeshaji wa vikao kwa viangazi vinne, kwa hiyo baadhi ya makosa utakayosoma hapa ni yangu.

Mto na watu wake

Juu kabisa, kwenye baridi, mto ni mabonde yenye unyevu na chemchemi nyingi ndogo. Huko watu hulima vinyungu, yaani matuta ya mabondeni ambayo hubaki na maji hata mvua zikikatika. Mwezi wa nane, wakati mashamba ya mlimani ni mabua matupu, kinyungu kina maharage mabichi na mahindi ya kuchoma. Wakulima wake wengi ni akina mama, na fedha yake ndiyo inayonunua sare na kulipa michango ya shule. Kando ya vinyungu kuna milingoti, yaani mikaratusi, miti inayokunywa maji mengi, mingine imepandwa ndani ya chemchemi zenyewe. Wenye milingoti mingi wanaishi mjini.

Katikati kuna skimu ya umwagiliaji. Zamani skimu ilikuwa na banio la mawe, matawi na majani. Kila mwaka mvua ililizoa, kila mwaka watu walitoka kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kulijenga upya. Baadaye ukaja mradi, likajengwa banio la zege: ukuta wa kukinga mto na lango la chuma linaloingiza maji kwenye mfereji mkuu. Watu wa katikati walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia.

Chini, siku nzima ya mwendo kwa mguu na ndani ya wilaya nyingine, kuna majaruba ya mpunga na wafugaji wenye ng'ombe. Hawa hawakuitwa kwenye uzinduzi wa banio. Hakuna aliyeona sababu ya kuwaita.

Jambo lililopita kimya siku ile ni kwamba banio la mawe lilikuwa linavuja. Kuvuja kule ndiko kulikokuwa mgao wa watu wa chini. Hakuna aliyeuandika, hakuna aliyeupigia kura, lakini kila kiangazi maji kiasi yalipenya kwenye mawe yakateremka. Zege halivuji. Lango likifunguliwa lote mwezi wa kumi, mto mzima unaingia mferejini, na upande wa pili wa ukuta unabaki mchanga.

Kwa sheria, haya hayakupaswa kutokea. Tanzania imegawanywa katika mabonde 9 ya maji, kila moja na bodi yake, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 inataja nani anatangulia: kwanza maji ya nyumbani, pili maji yanayobaki mtoni kwa ajili ya mazingira, kisha shughuli za uchumi. Sheria hiyohiyo inaruhusu watumiaji kuunda jumuiya za watumia maji. Kwa wenzetu wa Kenya, jumuiya za namna hii ziliingia na Sheria ya Maji ya 2002 na zikaendelezwa na ile ya 2016. Skimu yetu ilikuwa na kibali halali, kinachotaja lita kwa sekunde. Ila lita zile zilihesabiwa kwa mto wenye maji. Kiangazi mto mzima haufikishi lita za kibali, kwa hiyo mtu anayechukua tone la mwisho bado yumo ndani ya kibali chake.

Kulikuwa pia na hofu ambayo haisemwi vikaoni. Mto Ruaha Mkuu ulipokauka kiangazi cha 1993 kwa mara ya kwanza, nyanda hizi zilianza kusikia neno uhifadhi kila wiki, na mwaka 2006 wafugaji walihamishwa kutoka ardhioevu ya Ihefu, inayoulisha mto huo. Mfugaji wa bonde lolote la jirani akisikia "tunakuja kuzungumzia vyanzo vya maji", anaanza kuhesabu ng'ombe wake.

Mambo yalivyokwenda

Ilikuwa mwezi wa kumi. Akina mama wa chini walikuwa wakifukua visima vya mchanga mtoni, wanasubiri kisima kijae nusu ndoo, wanachota kwa bakuli. Usiku mmoja vijana wa huko walipanda hadi kwenye banio, wakavunja kufuli na kuteremsha lango la mfereji. Maji yakaruka ukuta. Asubuhi wakulima wa skimu wakakuta vitunguu vyao vimenyauka na mfereji mkavu. Vijana wawili walikamatwa. Kesi ikafika mahakama ya mwanzo, wakatozwa faini, na faini ikachangwa na kijiji kizima. Hapo ndipo lilipogeuka jambo la heshima.

Wilaya ya juu ikaitisha kikao na kuagiza jumuiya iundwe. Iliundwa kwa siku moja, kwenye ofisi ya kata ya katikati. Watu wa chini walioweza kufika walikuwa watatu. Mwenyekiti wa skimu akachaguliwa mwenyekiti wa jumuiya, katibu wa skimu akawa katibu. Katiba ilinakiliwa kutoka jumuiya nyingine, na nakala niliyopewa bado ilikuwa na jina la mto mwingine kwenye ukurasa wa tatu. Kiangazi kilichofuata jumuiya ilikusanya ada, ikanunua muhuri, na maji hayakushuka hata siku moja.

Shirika nililofanyia kazi liliingia baada ya hapo. Hatukuitisha kikao. Tuliomba kila kijiji kitoe watu wawili, mmoja lazima awe mwanamke, tukatembea mto kwa siku tatu kuanzia chini kupanda juu. Uamuzi wa kuanzia chini ulizua ubishi ofisini, kwa kuwa mto husomwa kutoka chanzo. Tulitaka watu wa juu wapokee wageni. Mgeni huwezi kumtukana mlangoni kwako, na ukimkaribisha kiti utamwuliza na habari za nyumbani.

Siku ya tatu tulifika kwenye vinyungu. Mzee mmoja wa chini, aliyekuwa akisema njia nzima kwamba anakwenda kuwaona wezi wa maji, alimkuta mama mmoja anamwagilia maharage kwa kopo la rangi lililotobolewa matundu. Alisimama pale muda. Kisha akauliza, "Mama, ni hicho tu?" Mama akajibu bila kuinua uso: "Baba, mimi nachota kwa kopo asubuhi na jioni. Hiyo milingoti hapo nyuma inachota na usiku." Mzee hakusema tena neno wezi mpaka tuliporudi.

Jioni ile tulitoa ubao. Ni mchezo uliobuniwa Usangu mwanzoni mwa miaka ya 2000: ubao mrefu unaoinamishwa, umechongwa mkondo wa mto na mifereji ya pembeni yenye vishimo vya mashamba. Maji ni gololi. Mchezaji anaweka kijiti mtoni, hicho ndicho banio lake, na gololi zinazogonga kijiti zinaingia shambani kwake. Tulimkalisha mwenyekiti wa skimu mwisho wa ubao, na yule mzee wa chini tukampa kijiti cha juu.

Mzee aliweka kijiti kirefu kilichokinga mkondo wote. Gololi zikashuka kwa kelele, zote zikaingia kwake. Akacheka mpaka akashika magoti. Mwenyekiti wa skimu alikuwa amekaa na vishimo vitupu, na mtu mmoja nyuma akasema, "Aliye juu mngojee chini!" Kicheko kikazidi. Mwenyekiti akajibu taratibu, "Nimengoja. Hakuna kilichokuja." Raundi zilizofuata walianza wenyewe kufupisha vijiti, kisha kubishana kijiti kiwe na urefu gani mwaka wa gololi nyingi na mwaka wa gololi chache. Hatukuwa tumewaambia wafanye hivyo.

Makubaliano yaliandikwa wiki mbili baadaye, chini ya mwembe wa kijiji cha chini.

Maamuzi na sababu zake

La kwanza, uongozi. Mwenyekiti angetoka chini na katibu angetoka skimu, wakibadilishana kila baada ya miaka miwili. Vinyungu vilipewa wajumbe wawili wao wenyewe. Awali vilihesabiwa kuwa chini ya kijiji, na kijiji kiliwakilishwa na wanaume wenye milingoti.

La pili, zamu badala ya lita. Afisa wa bonde alikumbusha kwamba kibali kinasema lita. Mkulima mmoja akamwuliza lita moja kwa sekunde ina sura gani, naye akakubali kwamba bila kipimo hata yeye haioni. Siku kila mtu anaihesabu. Wakaamua kiangazi kugawana siku kwa siku: leo lango liko wazi kwa skimu, kesho limefungwa na maji yanateremka.

La tatu, kufuli mbili kwenye mnyororo wa lango. Ufunguo mmoja unakaa skimu, mwingine chini. Lango haliguswi mpaka pande zote mbili ziwepo. Wazo lilitoka kwa mama mmoja mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa, ambako sanduku la fedha lina kufuli tatu na washika funguo hawaruhusiwi kuwa wa nyumba moja.

La nne ndilo lililokuwa na mwiba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mto au chanzo cha maji. Ukiifuata herufi kwa herufi, milingoti inaondoka na vinyungu vinaondoka. Kikao kiliamua milingoti iliyo ndani ya mita 60 ikatwe na isipandwe tena, na vinyungu visogee kutoka kwenye jicho la chemchemi, visitumie pampu, lakini vibaki. Afisa aliandika kwenye muhtasari "hatua ya kwanza", akafunga daftari. Naelewa kwa nini wengine wataiona hiyo kuwa kupindisha sheria. Naelewa pia kwamba kama akina mama wale wangeambiwa waondoke, wasingetupa hata nafasi ya kukaa.

Yaliyotokea

Zamu ya siku kwa siku ilikufa ndani ya siku kumi. Kwenye karatasi ilikuwa haki tupu. Mtoni, mchanga uliokauka tangu mwezi wa nane ulikunywa maji yote ya siku moja, na kabla hayajafika popote lango lilishafunguliwa tena. Watu wa chini walikuwa na nusu ya siku zote na hawakuwa na maji. Tuliwahi kutembea mchanga ule tukiwa kundi zima, viatu vinazama, na bado hakuna aliyejiuliza unakunywa kiasi gani. Hilo nalibeba mimi, kwa kuwa hesabu ya siku kwa siku niliisifu mbele ya kikao.

Wakabadilisha: siku tisa skimu, siku tano mfululizo chini. Siku mbili za mwanzo ni za mchanga, wakiziita hivyohivyo, "siku za mchanga". Siku ya tatu maji yalifika kwenye visima vya akina mama, na siku ya nne ng'ombe walikunywa mtoni. Yalikuwa machache, rangi ya chai ya maziwa, lakini ulikuwa mwezi wa kumi.

Kufuli zilileta tatizo ambalo hakuna katiba ya jumuiya niliyowahi kusoma inalolitaja. Ufunguo wa chini ulikuwa unaishi mbali. Kila mabadiliko ya zamu, mtu alipanda bodaboda kwenda kwenye banio, anafungua pamoja na mwenzake, anarudi. Msimu wa kwanza nauli tuliilipa sisi. Msimu wa pili mradi ulikuwa umekwisha, wafugaji wakachangishana kwa miezi miwili, kisha mchango ukalegea. Mshika ufunguo, ambaye hakuwa mtu mbaya, akaacha ufunguo kwa shemeji yake mwenye duka karibu na banio ili kuokoa safari. Kuanzia hapo kufuli mbili zikawa kijijini kwa watu wa skimu. Haukupita muda usiku wa zamu ya chini ukaanza kuuzwa: mwenye shamba la vitunguu anapita dukani, anaacha chochote, lango linafunguliwa saa nne za usiku na kurudishwa alfajiri.

Tulipogundua, kikao kilitaka shemeji apelekwe polisi. Yule mama wa kikundi cha kuweka na kukopa akauliza swali moja: "Nauli ya ufunguo ni jukumu la nani?" Kimya. Lilikuwa halijaandikwa popote.

Jibu lilitoka kwa fundi mwashi wa skimu, mtu wa maneno machache. Alisema banio la zamani lilivuja, sasa na hili livujishwe. Akapendekeza kuchongwa tundu kwenye ukuta wa zege, upana wake uwe nusu ya mlango wa mfereji, sakafu zao zilingane kimo, ili kila maji yanapofika, mengi au machache, sehemu moja iteremke na sehemu mbili ziingie skimu. Mhandisi hakupenda. Alisema mchoro haukukusudia hivyo na kibali hakisemi hivyo, na yote mawili yalikuwa kweli. Ilichukua mwaka na barua tatu kupata ruhusa. Kazi yenyewe ilichukua siku mbili, patasi na nyundo, pamoja na mfuko wa saruji wa kusawazisha kingo.

Tundu halihitaji kikao, wala nauli. Skimu walilikubali kwa sababu liliwarudishia siku tano za lango kufungwa. Zamu ikabaki kwa miezi miwili tu, wa kumi na wa kumi na moja, maji ya tunduni yanapokuwa machache kiasi cha kumezwa yote na mchanga.

Huko juu mambo yalikwenda nusu. Milingoti ya wanakijiji ilikatwa, ya watu wa mjini ilibaki. Na hata iliyokatwa ilichipua, maana kisiki cha mlingoti hakifi kwa shoka, na hakuna aliyepewa kazi ya kurudi kuvunja machipukizi. Vinyungu vilisogea. Mama wa kopo alipoteza matuta mawili, na hadi leo sina uhakika kama watu wa chini wanajua kwamba yeye alilipa na mwenye milingoti wa mjini hakulipa.

Sheria ndogo za vijiji zilipita kwenye mikutano yote ya vijiji. Halmashauri ya wilaya ya chini iliziidhinisha. Ya juu haikuwahi kuziweka kwenye ajenda. Bila idhini ya halmashauri, sheria ndogo ya kijiji ni karatasi, kwa hiyo mwaka mzima kosa lilelile lilikuwa kosa upande mmoja wa mpaka wa wilaya na si kosa upande wa pili.

Uchambuzi

Kilichofaa kuliko vyote ni mgao ambao mtu asiye na kipimo anaweza kuusoma kwa macho. Siku, tundu, mnyororo. Lita kwa sekunde ni lugha nzuri ya ofisi ya bonde kuwekea kumbukumbu, na siipuuzi, lakini kiwango kisichobadilika kwenye mto unaopungua kinampa wa juu haki ya kumaliza. Sehemu ya mto inapungua pamoja na mto. Mabanio ya zamani yalilijua hilo bila kusoma, na nadhani kabla ya mradi wowote kumwaga zege, mtu atembee chini ya banio mwezi wa kumi aulize nani anaishi kwa kuvuja.

Kutembea mto na ubao wa gololi havikutatua kitu. Vilibadilisha nani anaweza kuongea na nani, jambo ambalo ni tofauti, na tulikosea kuripoti kwa wafadhili kana kwamba maridhiano yalishapatikana pale. Wiki mbili baada ya vicheko vile watu walikuwa wakigombana tena. Tofauti ni kwamba waligombana juu ya urefu wa kijiti.

Jumuiya ya kwanza ilishindwa kwa sababu iliundwa na wenye maji ili kuwatuliza wasio na maji. Lakini ya pili nayo ilikuwa na shimo lake: tuligawa vyeo kwa uangalifu mkubwa, hatukugawa gharama. Kuwa chini ya mto ni kulipa zaidi kulinda haki ileile, kwa nauli, kwa siku za kazi zinazopotea, kwa kulala kwenye banio. Kama makubaliano hayasemi gharama hiyo inabebwa vipi, anayeishi karibu na lango ataimeza haki polepole, na wala hatahitaji kuwa mwizi. Skimu sasa inalipa nauli ya miezi miwili ya zamu kutoka kwenye ada yake. Ilipingwa sana, ikapita kwa kura chache.

Kuhusu wilaya mbili sina ufundi wa kutoa. Mto una bonde moja, sheria ndogo zina halmashauri mbili, na bodi ya bonde haina kura kwenye baraza la madiwani. Tungeanza na madiwani wa wilaya ya juu mapema, kabla ya kutembea, labda ajenda ingeingia. Tuliwaalika kwenye kufunga mafunzo, wakapiga picha, wakaondoka.

Kosa langu la mwisho ni pampu. Tulipoanza, kati ya banio na vijiji vya chini hapakuwa na kitu ila vichaka. Kiangazi cha tatu vijana walikodi mashamba pale, wakaja na pampu za petroli, wakawa wanavuta maji ya tunduni kabla hayajafika chini. Hawakuwa wanachama, hawakuwa na kibali, na kwa maoni yao hawakuwa wamevunja makubaliano yoyote, maana hakuna aliyewahi kukubaliana nao. Wa kwanza wao niliwaona tangu kiangazi cha pili, pampu mbili tu, nikasema ni ndogo.

Nilipopita mara ya mwisho, mnyororo wa lango ulikuwa na kufuli tatu. Ya tatu ilikuwa mpya, ya Kichina, bado ina stika. Wenye pampu walikuwa wameunda kikundi, wakaomba uanachama, na sharti lao lilikuwa ufunguo. Wakapewa. Siku ile zamu ilitakiwa ibadilishwe tangu asubuhi. Mshika ufunguo wa chini alikuwepo, wa skimu alikuwepo, wamekaa ukutani wanakula mahindi. Yule wa tatu simu yake ilikuwa haipatikani.